Fisi Katika Jina: Uhakiki wa Orodha za Maana ya Majina

Vitabu vidogo vya majina ya watoto vina desturi moja. Upande wa kushoto huandikwa jina, na upande wa kulia maana yake kwa neno moja au mawili: Rudolf, mbwa mwitu mwenye sifa, Kariuki, aliyefufuka, Mbiti, fisi. Makala haya yanadai kwamba utaratibu huo, ingawa una manufaa, huchanganya mambo matatu yapasayo kutenganishwa, yaani asili ya neno, sababu ya kumpa mtoto jina, na urithi wa jina lenyewe.

Kibera na Kawangware ni mahali pafaapo kuchunguzia jambo hili. Katika mitaa hii ya Nairobi Wakamba, Wajaluo, Waluyia, Wakikuyu, Wakisii na Wanubi huishi ukuta kwa ukuta, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Kwa hiyo jina la lugha moja hufasiriwa kila siku kwa lugha nyingine. Mtoto aitwaye Mbiti kwa Kikamba, au Ondiek kwa Kijaluo, akiulizwa na wenzake maana ya jina lake, jibu ni moja: fisi. Na fisi wa Kiswahili ni mlafi. Katika mazungumzo ya vijana wa mjini, ni mwanamume anayewaandama wanawake bila haya. Mtoto huondoka na aibu ambayo babu yake hakumwachia.

Tuanze na asili. Mbiti la Kikamba, hiti la Kikikuyu, empisi la Luganda na fisi la Kiswahili ni maneno ya ukoo mmoja. Sauti p na t za mzizi wa kale wa Kibantu zimegeuka f na s katika Kiswahili mbele ya irabu i. Kiisimu, basi, kufasiri Mbiti kuwa fisi ni sahihi. Walakini usahihi huo hauelezi kwa nini mzazi ampendaye mwanawe ampe jina la mnyama adharauliwaye.

Hapo ndipo sababu inapohitajika. Zamani Wakamba na Wakikuyu hawakuzika kila maiti; wengi waliachwa porini wakaliwa na fisi. Mama aliyefiwa na watoto mfululizo, akimwita Mbiti yule aliyefuata, alikuwa kama anayeiambia mauti: huyu amekwisha kuwa wa fisi, mpite. Desturi kama hiyo haikuwa ya Waafrika peke yao. Vuk Karadžić, mwanaisimu wa Serbia aliyezaliwa mwaka 1787, alipewa jina lenye maana ya mbwa mwitu baada ya ndugu zake kufa wangali wachanga. Katika kamusi yake ya 1818 alieleza imani ya watu wake kwamba wachawi walao watoto hawathubutu kumgusa mbwa mwitu. Hata hivyo njia hizi mbili si moja. Jina la mbwa mwitu hutisha mauti. Jina la fisi huihadaa. Orodha inayoandika jina la mnyama tu imeipoteza tofauti hiyo.

Jambo la tatu ni urithi. Kwa Wakikuyu na Wakamba watoto wengi hupewa majina ya babu na nyanya zao. Kariuki wa leo huenda hakuzaliwa baada ya msiba wowote, na Mbiti wa leo huenda hakufiwa na ndugu. Jina limekuwa kumbukumbu ya mtu. Ndiyo sababu msomaji wa kitabu cha John Mbiti (1931–2019) kuhusu dini na falsafa za Waafrika, kilichotoka mwaka 1969, hasikii mlio wa fisi katika jina la mwandishi. Kinyume chake ni jina Adolf. Asili yake, mbwa mwitu mtukufu, haijabadilika katika kamusi yoyote, lakini baada ya 1945 wazazi wa Ujerumani waliliepuka kwa sababu ya mtu mmoja aliyelichukua.

Yaweza kupingwa kwamba neno mbiti bado lasikika fisi katika sikio la Mkamba. Ni kweli, wala haifai kulificha. Lakini hata Kibera ni neno la Wanubi, kibra, yaani msitu, na hakuna ajionaye yumo msituni asikiapo jina hilo.

Inapasa, kwa hiyo, mtungaji wa orodha aongeze maneno machache: Mbiti, fisi, jina la kumkinga mtoto na kifo, sasa jina la kurithiwa. Mwalimu wa Kiswahili naye, akiulizwa darasani, asikomee kwenye neno la kwanza. Mtoto wa Kawangware ana haki ya kujua kwamba jina analochekewa lilichaguliwa na mtu aliyetaka sana aishi.