Mzigo wa Kurudi: Juu ya Sanaa Iliyosomewa London

Swali moja hurudi kila mwaka katika vyuo vyetu: je, msanii kijana aliyekwisha kupata shahada yake nyumbani apelekwe kusoma zaidi katika mji mkubwa wa ng'ambo, au abaki? Wako wasemao kwamba mji huo humnyang'anya msanii macho yake. Wako wasemao kwamba pasipo mji huo macho yake hayatafumbuka. Kazi za wasanii wenyewe zakanusha kauli zote mbili.

Kwa mtu wa Tabora jambo hili lina kipimo cha kale. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walichukua pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo, na safari ile ilihesabiwa kuwa alama ya utu uzima. Walakini kuiona bahari hakukutosha. Mpagazi alitazamwa alichorudi nacho. Kijana atokaye Choma kwenda kusoma sanaa London si wa kwanza katika njia hiyo, na ni haki kumpima kwa kipimo hicho hicho.

Tumtazame kwanza Sam Ntiro, aliyezaliwa Kilimanjaro mwaka 1923. Alifundishwa na Margaret Trowell huko Makerere, kisha akasoma katika chuo cha Slade, London, tangu 1952 hata 1955. Ni rahisi kudai kwamba alirudi kama alivyokwenda: picha zake hazina kina cha umbali, na watu wake ni wadogo, wakifanya kazi pamoja kati ya migomba. Lakini Slade ni chuo chenye sifa ya kuchora mwili wa mtu aliye hai. Aliyekaa humo miaka mitatu akatoka na mtindo wake hakukosa kuelewa, alikataa. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Hata hivyo, kukataa kunakorudiwa miaka mingi bila ya kujiuliza upya huwa mazoea, na mazoea ni mzigo mwepesi.

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alishika njia nyingine. Alisoma Farnham, kisha Royal College of Art, London, akapata shahada ya uzamili mwaka 1982. Kabla ya hapo alikwenda Abuja ya zamani, iitwayo leo Suleja, huko Nijeria, akajifunza kwa wanawake wafinyanzi kufinyanga bila ya gurudumu. Vyombo vyake huinuliwa kwa mikono na kusuguliwa hata ving'ae. Vikichomwa penye hewa tele hutoka vyekundu. Vikichomwa tena katika moshi, hewa ikizuiwa, huwa vyeusi. London haikumpa mikono hiyo. Ilimpa nafasi, makumbusho, na watu wa kumwuliza kwa nini. Kwa maoni yangu ndiye aliyefaidi mji zaidi, kwani alikwenda na swali lake mwenyewe. Lakini amefanya kazi yake Uingereza, na mwanafunzi wa kwetu ni nadra kuvizunguka vyombo vile kwa macho yake.

Basi mmoja alirudi na mzigo mwepesi. Mwingine alipata mzigo mzito, ukabaki pwani. Lawama si yao peke yao. Kiti cha enzi chenye mgongo mrefu, kazi ya mikono ya Unyamwezi, kimehifadhiwa Berlin. Kijana wa Choma atakaye kukisoma hana budi kupanda ndege ili aione kazi ya mababu zake. Yatupasa, kwa hiyo, kuacha kubishana kama aende au abaki. Na aende, akiwa na swali. Sisi tuliobaki tujenge ghala. Maana mzigo usio na pa kutuliwa hauwezi kurudi.