Radi Shambani: Onyo Bila Pa Kukimbilia

Kanuni ya kujikinga na radi ni fupi: ukisikia ngurumo ingia ndani, na usitoke kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho. Marekani, ambako radi iliua zaidi ya watu 400 mwaka 1943, siku hizi vifo mara nyingi havifiki 30 kwa mwaka. Kanuni hiyo imesaidia, lakini sehemu kubwa ya sifa ni ya majengo. Watu wengi walihama mashambani, na nyumba walizoingia zina nyaya na mabomba yanayopeleka umeme ardhini. Lakini si kila jengo liko hivyo: mwezi Juni 2011, katika shule ya Runyanya nchini Uganda, watoto walikuwa ndani ya darasa, si uwanjani. Radi iliwaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Kuingia ndani hakutoshi ikiwa hilo “ndani” ni kuta na paa tu.

Sasa mfikirie mchuma chai wa Kericho au Nandi, nchini Kenya, anayefanya kazi chini ya mawingu ya alasiri. Mvua ikianza hukimbilia kibanda cha kupimia majani, ambacho mara nyingi ni paa la mabati juu ya nguzo, au husimama chini ya mti. Mti ukipigwa, umeme husambaa udongoni, ukapanda mguu mmoja na kutokea mwingine; kuchuchumaa hakuuzuii. Kwa hiyo kabla ya kumfundisha kuhesabu sekunde kati ya mwanga wa radi na ngurumo, mwajiri ampe mahali pa kwenda. Gari lenye bodi na paa la chuma, vioo vikiwa vimefungwa, linafaa leo hii, mradi liwe karibu. Kibanda nacho kinahitaji vyuma vya kupokea radi juu ya paa, nyaya nene za kushukia na waya uliofukiwa kukizunguka. Wapo wanaohofia kwamba chuma huita radi. Kazi yake ni kuipa njia isiyopita mwilini mwa mtu.

Pingamizi zito zaidi ni la ujira. Anayelipwa kwa kilo hupoteza pesa kila dakika anayosimama, naye atachuma mpaka matone yamwangukie, ingawa radi inaweza kupiga kilomita 10 mbele ya mvua. Kumwita mkaidi ni kumwonea. Uamuzi wa kusimamisha kazi uwe wa msimamizi, tangu ngurumo ya kwanza, na nusu saa hiyo ya kungoja ilipwe.