Bamba na Kioo Chake

Itazame TV ya kichogo kwa karibu ikiwa inawaka, ukiweza kwa kioo cha kukuzia. Palipoonekana peupe hapana weupe wowote. Kuna vitone vyekundu, vya kijani na vya buluu, vitatu vitatu, kioo kizima. Nyuma yake, ndani ya kioo, limesimama bamba la chuma jembamba kuliko ukucha, lenye matundu zaidi ya laki tatu kwa TV ya inchi 21. Bunduki tatu za elektroni zilizo shingoni mwa kichogo hupitisha miale yake katika tundu lilelile, kila mmoja kwa pembe yake, na kila mmoja hukipata kitone chake ukaviacha viwili vya jirani.

Kampuni ya RCA iliionyesha kazi hii Marekani mwaka 1950. Mjerumani Werner Flechsig alikuwa amesajili wazo linalofanana nalo tangu 1938, akitumia nyaya. Kazi ngumu ilikuwa kupaka. Nani angepanga vitone yapata milioni moja, kila kimoja kikitazamana sawasawa na tundu lake?

Jibu la Harold Law wa RCA hunistaajabisha kila nikilifikiria: mwanga ndio upange. Katika utaratibu uliokuja kuenea viwandani, kioo hupakwa uji wa unga ung'aao wa rangi moja, uliotiwa dawa inayoganda ikipigwa na mwanga. Bamba hurudishwa mahali pake, kisha taa huwekwa pale hasa ambapo mwale wa rangi ile utaanzia kupinda. Mwanga hupenya matunduni. Unapotua, uji hushika, kwingine huoshwa kwa maji. Taa husogezwa kidogo, wakaanza rangi ya pili, halafu ya tatu.

Kwa hiyo matundu hayakulazimika kuwa kamili. Tundu lililokwenda upande lilichora vitone vyake upande uleule, na kasoro ikajifuta yenyewe. Ndiyo maana bamba lililochora kioo halikuachanishwa nacho: la kioo kingine, hata likitoka katika mtambo uleule, lingechanganya rangi. Sijui ustadi mwingine wa kiwandani ulioipokea kasoro kwa akili namna hii.

Gharama ilikuwepo. Takriban elektroni nne katika kila tano huishia kwenye bamba, zikaligeuza la moto. Likitanuka, rangi huhama. Baadaye wakaja na invari, mchanganyiko wa chuma na nikeli usiotanuka sana.

Teknolojia hii ndiyo iliyowapa Wazanzibari TV ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Mafundi wetu wakajifunza kuzungusha pete za sumaku shingoni mwa kichogo ili kila mwale utue kwenye vitone vyake, polepole, mpaka wekundu uwe mwekundu mtupu kutoka kona hadi kona, ndipo wazifunge.