Darubini Ilifanya Kazi, Jina Likaiharibu

Katika andiko la kutangaza spishi mpya, kifungu cha asili ya jina huwa na sentensi mbili tatu, na wasomaji wengi hukiruka. Vazrick Nazari alikigeuza kuwa jukwaa. Tarehe 17 Januari 2017, siku tatu kabla Donald Trump hajaapishwa, jarida la ZooKeys lilitoa mapitio yake ya jenasi Neopalpa, na ndani yake nondo mpya akapewa jina la Neopalpa donaldtrumpi. Sababu ya kwanza: vigamba vyeupe vya umanjano kichwani mwa mdudu vinafanana na nywele za rais mteule. Sababu ya pili: watu wageukie makazi dhaifu ya viumbe nchini Marekani, ambako spishi zisizojulikana bado zipo. Ya kwanza ni mzaha, ya pili ni nia njema. Uamuzi wenyewe ulikuwa mbovu, na ubovu wake ni wa kiufundi. Haujali nani anampenda Trump na nani hampendi.

Tuanze na umri wa jina. Jenasi huhamahama kila kizazi cha wataalamu kinapokuja na hoja zake, ila jina la spishi hubaki pale pale. Wakulima wetu wa nyanya wana ushahidi shambani. Kantangaze, nondo wa nyanya aliyeingia Kenya na Tanzania mwaka 2014, ni wa Gelechiidae, familia ile ile ya Neopalpa. Edward Meyrick alimwandika mwaka 1917, kwa nondo waliotoka Huancayo, Peru, akamwita Phthorimaea absoluta. Dalibor Povolný akampeleka Scrobipalpula, kisha Scrobipalpuloides, na mwaka 1994 akamtia katika Tuta. Mwaka 2021 uchambuzi mpya ukamrudisha Phthorimaea alikoanzia. Katika safari yote hiyo, absoluta halikuguswa. Anayebatiza nondo basi anamwandikia msomaji wa miaka 100 ijayo, na msomaji huyo atahitaji kutafutiwa picha ya zamani ndipo aelewe mzaha wa nywele.

Tuje kwenye hasara ya papo hapo, ambayo ndiyo inayonikera zaidi. Katika kundi hili la Gelechiidae mabawa ni mashahidi wa uongo. Rangi hufifia, vigamba hupukutika, na spishi mbili tofauti zaweza kufanana hata kwa jicho la mzoefu. Kesi huamuliwa na viungo vya uzazi, vikishachemshwa, kusafishwa na kulazwa juu ya kioo. Nazari aliandika, kama ipasavyo, kwamba viungo vya dume wa spishi yake ni vidogo kuliko vya Neopalpa neonata. Sentensi hiyo ni moyo wa utambulisho. Chini ya jina lile, ikawa kichekesho. Magazeti yaliidaka, watu wakacheka, na kipimo ambacho mtaalamu mwingine angekitegemea kikageuka maskhara ya kisiasa. Hakuna aliyemlazimisha, mlango aliufungua mwenyewe.

Na habari halisi ilikuwepo, tena nzuri kuliko ile. Nondo huyu anapatikana kwenye vilima vya mchanga vya Algodones, kusini mwa California, na pia Baja California upande wa Mexico. Mpaka wa nchi mbili unakata makazi yake. Vilima hivyo ni uwanja mashuhuri wa magari ya kuchezea mchangani. Kama shabaha ilikuwa uhifadhi, jina lilipaswa kumpeleka msomaji Algodones moja kwa moja. Lilimpeleka kwa kinyozi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kilichonishangaza hapa ni kitu chema kulazimishwa kujitembeza.

Kazi iliyobaki ni safi: sampuli za jumba la makumbusho la Bohart kule Davis zilipekuliwa vizuri, viungo vikapasuliwa, vinasaba vikalinganishwa, na kichwa cha andiko lenyewe ni cha heshima.

Wanaonifuata wanajua kwamba ugomvi wangu na majina ya wakubwa haukuanzia kwa Trump. Mwaka 2005 Quentin Wheeler na Kelly Miller walibatiza mbawakawa watatu bushi, cheneyi na rumsfeldi. Mwaka 2012 buibui wa California akawa Aptostichus barackobamai, na sikupiga makofi eti kwa kuwa babu yake Obama alikuwa wa Kogelo. Kosa halibadiliki likitendwa kwa mtu unayempenda. Mfano mchungu ni Anophthalmus hitleri, mbawakawa kipofu wa mapango ya Slovenia aliyepewa jina hilo na Oskar Scheibel mwaka 1937. Hadi leo mdudu huyo asiye na hatia anasakwa na wakusanyaji wa kumbukumbu za Wanazi. Kamisheni ya kimataifa ya majina ya wanyama imeshikilia kwamba haifuti majina kwa sababu za kimaadili. Wataalamu wa mimea, waliokutana Madrid mwaka 2024, angalau walikubali kuigeuza caffra, tusi la wakoloni kwa Waafrika, kuwa affra. Wa wanyama bado wamekaza shingo. Palipo na mlango usiofunguka tena, mtu hufikiri kabla ya kuufunga.

Wakongwe walikuwa na dosari zao. Meyrick aliandika zaidi ya spishi 14,000 huku akidharau uchunguzi wa viungo vya uzazi, akamwachia J. F. Gates Clarke kazi ya miaka mingi ya kupanga urithi wake. Lakini hakubatiza mdudu kwa kufuata habari za wiki. Povolný, aliyeianzisha Neopalpa mwaka 1998, alikaa na darubini yake akanyamaza. Na ukitaka mfano wa karibu, chukua nondo wachimba majani walioandikwa na Jurate De Prins na Akito Kawahara mwaka 2012. Phyllonorycter ololua anakupeleka msitu wa Ololua, Nairobi. Mida, kwenye mkono wa bahari wa Mida, pwani ya Kenya. Jabalshamsi, mlimani Oman. Ukilisoma jina umeshajua uende wapi na wavu wako.

Kwa vijana wetu mnaojifunza kazi hii, ombi langu ni moja. Malizeni kwanza michoro ya viungo, vipimo na ramani, jina lije mwisho, na litokane na mdudu au ardhi yake. Neopalpa donaldtrumpi ni spishi halali iliyothibitishwa vizuri, na jina lake ni kosa litakalodumu kuliko kila aliyelicheka.