Usalama au Uhakika? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Sera ya Chakula Afrika Mashariki

Istilahi "usalama wa chakula" imebebeshwa mizigo miwili katika Kiswahili cha sera. Nchini Tanzania, idara ya Wizara ya Kilimo inayofuatilia hali ya upatikanaji wa chakula imekuwa ikiitwa Idara ya Usalama wa Chakula. Hata hivyo, Siku ya Usalama wa Chakula Duniani, inayoadhimishwa kila Juni 7, inahusu chakula kisicho na vimelea wala sumu. Makala haya yanatetea hoja kwamba utata huo si suala la wanaleksikografia peke yao, kwa kuwa unaathiri namna matokeo ya utafiti wa agronomia yanavyogeuzwa kuwa sera na yanavyomfikia mkulima.

Mahindi yanatoa ushahidi ulio wazi. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kutokana na sumu ya aflatoksini na 125 kati yao wakafariki. Uchunguzi ulihusisha maradhi hayo na mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kaya zilikuwa na chakula ghalani, na chakula hichohicho ndicho kilichoua. Kwa maana ya kwanza ya istilahi kaya hizo zilikuwa na usalama. Kwa maana ya pili hazikuwa nao.

Utata huo ulijitokeza tena mpakani. Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, kisha ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha kuwa kiwango cha aflatoksini hakizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Aliyeunga mkono zuio angeweza kusema analinda usalama wa chakula. Aliyelipinga, akihofia uhaba na bei ya unga, angeweza kusema vivyo hivyo. Istilahi inayowatumikia wapinzani wawili kwa wakati mmoja haiwezi kupima sera.

Kinyume chake, neno "sumukuvu", lililoenea nchini Tanzania, linadhihirisha nguvu ya istilahi iliyoundwa vizuri: linataja madhara na chanzo chake kwa pamoja. Hata hivyo, nalo lina kasoro. Kuvu huonekana, ilhali sumu yake haionekani, na punje safi kwa macho inaweza kuwa nayo. Mkulima anayeondoa punje zenye ukungu na kupika zilizobaki anaweza kudhani amemaliza kazi, ingawa upishi wa kawaida hauiondoi sumu yote. Ugumu huongezeka pale utafiti unapopendekeza kutumia kuvu dhidi ya kuvu. Aflasafe, iliyoendelezwa na taasisi ya IITA pamoja na washirika wake, husambazwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua, ili kuvu wasiozalisha sumu wawazidi nguvu wale wanaoizalisha. Afisa ugani aliyekwisha kufundisha kwamba kuvu ni sumu anahitaji maelezo mapya, wala hatayapata katika kijitabu kilichotafsiriwa neno kwa neno.

Je, dawa ni kutenganisha maana hizo mbili? Kwa upande wa istilahi, ndiyo. "Uhakika wa chakula", ambayo tayari inatumika, itaje upatikanaji wa chakula cha kutosha wakati wote. "Usalama wa chakula" ibaki kwa chakula kisichodhuru. Kwa upande wa mipango, hapana. Mkutano wa Kilele wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulijumuisha chakula salama ndani ya fasili ya uhakika wenyewe, na Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Usalama, basi, ni nguzo ndani ya uhakika. Gunia lisiloliwa halipaswi kuhesabiwa kuwa akiba.

Wakati wa kurekebisha ni sasa. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, haja ya kutafsiri nyaraka za serikali imeongezeka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mabaraza ya lugha na watafiti wa kilimo wanapaswa kuafikiana kuhusu istilahi hizi kabla utata wa nchi mbili haujarithiwa na ya tatu.