Samuel Aliitoa Mwenyewe Mita 10,000 ya Eugene

Mlioamka alfajiri kutazama fainali ya mita 10,000 ya vyuo vya Marekani kule Eugene, Juni 2025, hamhitaji kusimuliwa. Ishmael Kipkurui dakika 29:07.70, Habtom Samuel nyuma yake kama sekunde moja. Mkenya na Mweritrea, wote wanafunzi wa New Mexico, jezi moja. Waliosifu kwamba ilikuwa fainali ya akili wasifu. Mimi naona bingwa mtetezi aliyekabidhi taji lake kwa mkono wake.

Chukueni kalamu. Dakika 29:07.70 kwa mizunguko 25 ni sekunde 69.9 kila mzunguko. Machi 29 mwaka huohuo, kule San Juan Capistrano, California, wawili haohao walikimbia umbali uleule: Kipkurui 26:50.21, rekodi mpya ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani, na Samuel 26:51.06. Hiyo ni sekunde 64.4 kwa mzunguko. Najua, Machi palikuwa na waweka kasi, na fainali ya ubingwa haina wa kukuvuta. Basi tuiache Machi, tumpime Samuel kwa Samuel. Juni 2024, palepale Eugene, alitwaa ubingwa huu kwa 28:07.82. Mwaka mmoja baadaye, akiwa na miguu iliyoiva zaidi, akakubali mwendo uliochelewa dakika nzima kuliko ule uliompa taji.

Nasema akakubali kwa sababu hakuna aliyemlazimisha. Mbio za taratibu humaliza kazi katika mita mia nne za mwisho, na hapo ndipo kosa linapoonekana waziwazi. Kule California Samuel alikwisha kuuona mgongo wa Kipkurui kwenye mstari wa mwisho. Tofauti ilikuwa sekunde 0.85. Mtu aliyekwisha kushindwa na mwenzake wa mazoezi katika kasi ya mwisho, tena baada ya mbio kali, atamshindaje baada ya mbio za kujitembeza, huku mwenzake bado ana pumzi ya akiba? Silaha ya Samuel ni kusaga: kupandisha mwendo mzunguko wa kumi na mbili, wa kumi na tano, wa kumi na nane, mpaka wenye mbio fupi miguuni waanze kuhesabu mizunguko iliyobaki. Akaiacha silaha begani na kusubiri kengele ya mzunguko wa mwisho.

Watetezi wake wananiambia alikuwa anatunza miguu kwa mita 5,000 siku mbili baadaye. Sawa. Mita 5,000 alichukua Brian Musau wa Oklahoma State, na Samuel akawa wa pili tena. Akiba ile aliitumia wapi?

Hapa narudi kwenye ugomvi wangu wa siku zote, na mhariri anisamehe. Pointi zinaua mbio. Katika mashindano yale wa kwanza huipa timu pointi 10, wa pili 8. New Mexico walikuwa na wanaume wawili hodari kuliko kundi zima. Atangulie huyu au yule, chuo kinavuna 18. Kocha wa timu hana sababu ya kumwambia mmoja avunje mwendo na kuhatarisha nafasi ya mwenzake. Kwa daftari la chuo ilikuwa hesabu safi. Kwa mkimbiaji ilikuwa mtego, na mwanafunzi anayebanwa na mihula, mitihani na misimu mitatu ya mashindano kwa mwaka ni rahisi kuukubali mtego unaompunguzia kazi ya usiku mmoja.

Zamani wakimbiaji wetu hawakuwa hivyo. Suleiman Nyambui, akisoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, alitwaa mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mataji ya 5,000 akayaongeza juu yake. Katikati, mwaka 1980, akaenda Moscow na kurudi na medali ya fedha ya Olimpiki ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter. Naye alikuwa na vitabu vya kusoma. Naye alikuwa na kocha wa kuhesabu pointi. Filbert Bayi ndiyo kabisa: Christchurch, Februari 1974, alishika mbele tangu bunduki ilipolia, John Walker akamkimbilia mwishoni, na Bayi akafika kwanza kwa 3:32.2, rekodi ya dunia ya mita 1,500. Hakumwomba mtu ruhusa ya kwenda mbele.

Mtasema anayetangulia huwakatia upepo wenzake. Kweli, na wanaonifuatilia walijua tutafika kwenye habari za ndege wa angani. Teremka kutoka Tunduma mpaka Msangano, simama kwenye mashamba ya mpunga ya Momba, tazama upande wa Ziwa Rukwa mwari wanapopita kwa safu. Mwaka 2001 watafiti walioongozwa na Henri Weimerskirch walipima mapigo ya moyo ya mwari weupe: walioruka kwenye safu, moyo ulidunda polepole kuliko wa aliyeruka peke yake. Mwaka 2015 wengine wakaonyesha, kwa ndege wa jamii ya kwarara, kwamba wanapohama hupokezana mbele, kila mmoja akilipa alichokopa. Kijana anayesomea sayansi ya mazoezi anafundishwa mambo haya darasani. Akitoka nje na darubini anayaona bure. Wenzi wawili wa New Mexico wangepokezana mizunguko kwa sekunde 66, kundi lote lingekatika kabla ya mizunguko mitano ya mwisho, na Samuel angebaki na mtu mmoja tu wa kumchosha, tena kwa mwendo unaomfaa yeye. Badala yake waliburuta kundi zima mpaka kengele.

Kipkurui sina neno naye. Bingwa wa dunia wa nyika kwa vijana, Bathurst 2023, alikimbia mbio zilizomfaa akashinda. Samuel naye, Novemba 2025, alitwaa nyika ya vyuo kule Missouri, kazi nzuri, lakini taji la Juni lilikwisha kwenda.

Vijana wa Songwe mnaoomba nafasi za kusoma na kukimbia huko nje, mkifika mwulizeni kocha swali moja kabla ya kutia saini: siku ya fainali nitakimbia mbio zangu, au za daftari lako? Akisita, tafuteni chuo kingine.