Istanbul ya Baridi: Siku Mbili Nje ya Laleli

Nendeni Istanbul mwezi wa kwanza. Nendeni wakati mvua imechanganyika na theluji, pua zinachuruzika na kila mtu mtaani amejifunga skafu mpaka masikioni. Najua mtasema nimerogwa, mimi ambaye Lushoto tu mwezi wa saba hunitoa machozi, lakini nimerudi juzi na bado sijatulia. Nisipoandika sasa hivi nitapasuka.

Mume wangu ni mtu wa Kariakoo. Istanbul ameshakwenda mara tano, na ukimuuliza mji ukoje atakutajia bei ya jinzi kwa dazani. Anachokijua ni Laleli: maduka ya jumla, maboksi, selotepu, watu wa kargo, basi. Mara tano! Kutoka Laleli mpaka Sultanahmet, penye Hagia Sophia, ni vituo vitatu vya tramu, na hajawahi kushuka hapo. Safari hii nikamwambia: baba watoto, mzigo utafungwa Jumatatu, Jumamosi na Jumapili ni zangu. Watoto tumewaacha kwa bibi yao Tanga. Akakubali kwa sauti ya mtu anayekubali deni.

Jambo la kwanza lililonichanganya ni saa. Saa za Istanbul ni zilezile za Dar es Salaam, huhitaji kugusa simu wala mkono wa saa. Ila Januari adhana ya alfajiri inakaribia saa moja asubuhi, na jua lenyewe linajitokeza saa mbili na ushei! Nimelala fofofo nikiamini bado usiku wa manane, kumbe watu wameshaanza kunywa chai. Kwa anayependa usingizi, hii pekee ni sababu ya kukata tiketi.

Jambo la pili ni upepo. Wana upepo wao wa kaskazini-mashariki, wanauita poyraz. Sisi upepo wa upande huohuo ndio kaskazi, ule unaotuletea joto, na zamani ukitusukumia majahazi ya Uarabuni. Kwao unashuka kutoka Bahari Nyeusi umebeba barafu. Siku ile ilikuwa nyuzi 3, na koti langu la mtumba wa Karume, ambalo nililinunua nikijiona mjanja, lilipitisha upepo kama chandarua. Kipasha joto cha hotelini kilinguruma usiku kucha bila kupasha kitu. Nililala na soksi pea tatu na mtandio kichwani. Bado nasema nendeni!

Tukaanza na Hagia Sophia, na kwa kuwa ni Januari hatukukaa foleni ila dakika chache. Imejengwa kwa miaka 5 tu, kuanzia 532 hadi 537. Ilikuwa kanisa kwa zaidi ya miaka 900, ikawa msikiti 1453, ikawa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Watalii tunapandishwa ghorofani. Kuba lina upana wa mita kama 31, na kitako chake kimezungukwa na madirisha 40, hivyo mwanga unapita chini yake na unaapa kwamba limening'inia hewani. Mume wangu, anayejua kukadiria ghala kwa macho, alisimama shingo nyuma kwa muda mrefu, kisha akaninong'oneza: "Hili linashikwa na nini?" Swali zuri, maana lilishaporomoka mwaka 558 baada ya tetemeko, na wakalijenga upya likiwa refu zaidi kuliko mwanzo. Watu wenye kiburi kizuri!

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kitu kidogo kuliko kiganja. Kwenye ukingo wa marumaru huko ghorofani kuna mikwaruzo, herufi za kale za watu wa Kaskazini, wale Waviking. Inasomeka jina, Halfdan. Yaani mtu katoka Ulaya ya barafu, kaingia kwenye jengo kubwa kuliko yote aliyowahi kuona, na alichofikiria kufanya ni kuandika jina lake kama mtoto wa shule kwenye dawati. Nilimpenda papo hapo.

Msikiti wa Bluu na minara yake 6 uko ng'ambo ya bustani, ingieni, ni mzuri kama wanavyosema. Birika la chini ya ardhi la Yerebatan nalo lisiwapite: nguzo 336 zimesimama gizani majini, na mbili kati yake zimekalia vichwa vya Medusa, kimoja kimepinduliwa na kingine kimelazwa ubavu. Grand Bazaar, siwadanganyi, ilinichosha mapema. Mume wangu alikuwa akiuliza kila kitu bei ya jumla, hata taa moja ya vioo ya mezani. Muuzaji alituangalia kwa huruma.

Turudi barabarani, maana raha ya Istanbul ya baridi iko kwenye mikokoteni. Mkokoteni mmoja mwekundu, makaa yanawaka, upande mmoja wanachoma kestane, tunda gumu la kahawia linalochanwa ganda kwa kisu kabla ya kuwekwa motoni, ndani nyama yake ni laini na tamu kama kiazi kitamu. Na upande wa pili? Mahindi ya kuchoma! Nilipiga kelele. Unafika Ulaya, theluji inakudondokea, na mbele yako kuna mahindi ya kuchoma kama ya Ubungo. Wao mahindi wanayaita mısır, yaani jina lilelile la Misri, kana kwamba yametoka huko. Sisi tunayaita mahindi kana kwamba yametoka Uhindini. Na zao lenyewe lilitoka Amerika! Tulikula tukicheka, mikono miwili imekumbatia gunzi kwa ajili ya joto lake.

Hapo ndipo masikio yalipozibuka. Muuzaji alituambia "bir dakika", ngojeni dakika moja, na dakika ni dakika. Chai ni çay, inatamkwa hivyohivyo. Dunia ni dünya, sabuni ni sabun, kitabu ni kitap. Mtoto aliyekuwa nyuma yetu akamwita baba yake: "Baba!" Mume wangu akageuka. Miaka yote hii amekuwa akipatana bei Laleli kwa kubonyeza kikokotoo, na hakuwahi kusikia hata neno moja.

Sasa hamamu. Kina mama, sogeeni. Kule Unguja, Hamamni, bafu za Sultani Barghash nimeziona zikiwa kavu, mwongoza watalii anakuonyesha pale maji yalipokuwa. Hamamu ya Çemberlitaş ilijengwa 1584, kazi ya Sinan, msanifu mkubwa wa Waosmani, na mpaka leo inafuka mvuke! Wanaume upande wao, wanawake upande wao. Unalazwa juu ya jiwe pana la marumaru lenye joto linalopanda kutoka chini, juu yako kuba lenye vitundu vya vioo. Mimi nilisingwa kabla ya harusi, nikapakwa liwa, nikadhani najua maana ya kusuguliwa. Sikujua kitu. Mama mmoja wa mabega mapana alivaa glavu ya kukwaruza akaanza na mgongo, na vikaanza kutoka visokoto vya kijivu kama mabaki ya raba ya kufutia. Akanishika mkono, akanionyesha, akatikisa kichwa, akasema maneno ambayo sikuyaelewa, ila kila aliyewahi kuogesha mtoto aliyetoka kucheza mpira anayaelewa. Kisha akachovya mfuko wa kitambaa kwenye sabuni, akaupepea ukajaa hewa kama puto, akaukamua, na povu likanifunika kuanzia shingoni mpaka vidoleni. Nilipotoka nje kulikuwa kumeshaingia giza na nyuzi zilezile 3, na kwa robo saa nzima sikusikia baridi hata chembe. Mume wangu alitokea mlango wa pili uso umeng'aa kama wa bwana harusi. Sikumwambia, kichwa kisije kikavimba.

Nawaambia, wanaokwenda Julai hawapati haya. Hamamu ya Julai ni jasho juu ya jasho. Boza nayo ni kinywaji cha msimu wa baridi, na kuna duka mtaa wa Vefa linaloiuza tangu 1876, limehifadhi mpaka bilauri aliyonywea Atatürk, mwasisi wa taifa lao, iko ndani ya kabati la kioo. Unaletewa bilauri ya kitu kizito cha manjano, mdalasini juu, na watu wanavuka barabara kununua dengu za kukaanga za kunyunyizia. Mume wangu akachota kijiko, akafumba macho, akasema kwa sauti ya duka zima: "Togwa!" Ni nafaka iliyochachushwa, chachu yake ileile, tofauti ni kwamba yao inaliwa kwa kijiko. Aliagiza ya pili kabla sijafika nusu ya yangu.

Jumapili alasiri tukapanda vapur, kivuko cha Eminönü kwenda Kadıköy, Ulaya kwenda Asia, kama dakika 20 hivi. Unagusisha kadi ileile ya tramu unaingia. Nani kati yetu hajapanda kivuko cha Kigamboni akiwa amebanwa kati ya bodaboda na tenga la kuku? Hapa kuna mabenchi ya mbao, madirisha yameingia ukungu wa pumzi, na mtu anapita na sinia la vibilauri vya chai vilivyobanwa kiunoni, vipande viwili vya sukari kwenye kisahani. Tulikaa nje nyuma, kwa ubishi wangu. Mume wangu alinyanyua simit, mkate wa duara wa ufuta, apige picha na minara nyuma yake. Ndege wa baharini akaja kwa pembeni akaunyakua wote. Picha ipo: mkono mtupu, mdomo wazi, msikiti wa Süleymaniye kwa mbali.

Theluji ikaanza kudondoka majini. Simu yake ikalia, mtu wa kargo, anataka kujua mzigo unafungwa saa ngapi.

"Bir dakika," mume wangu akamjibu, akazima simu, akamwita yule wa sinia. Chai mbili.